Waya Usio na Mlima

Mtu akiniuliza Daphrose ni nani, nitamjibu kwanza kwamba ni mwanamke mwenye kichwa kigumu. Kisha nitamwambia aketi, kwa sababu jibu la pili ni refu na mimi si mtu wa kusema kwa kifupi.

Jina langu ni Karekezi. Natengeneza jibini kwenye milima iliyo juu ya Kibabi, kama baba yangu, ila yeye alikuwa mpole. Mimi nina hasira za karibu. Watu watakwambia hivyo, na hawatakuwa wamekuongopea.

Daphrose alizaliwa Burungu, katika familia ya wafugaji kama ya kwetu. Ng'ombe wa baba yake waliisha katika vita, wakachukuliwa zizi zima kwa siku moja, naye akapelekwa Goma kwa shangazi yake angali msichana. Wenzake walichagua ushonaji na ualimu. Yeye aliingia shule ya ufundi kusomea umeme, darasa zima wavulana, akakaa benchi la mbele na sketi yake ndefu. Walimcheka mpaka mitihani ilipotoka. Alipata diploma, akatandaza nyaya katika nyumba za watu wa Goma kwa miaka mingi, akaolewa na mkulima wa huku kwetu, na ndivyo alivyotufikia.

Siku ya kwanza nilipomwona juu ya nguzo, suruali chini ya kitenge, bisibisi mdomoni, nilimwambia mke wangu kwamba dunia imekwisha. Mke wangu akasema dunia haijaisha, ila labda taa zitawaka. Zikawaka. Tangu hapo watu wakamwita Mama Kuran, kwa kuwa huku umeme tunauita kuran.

Umeme wenyewe unatoka kwenye turbini ndogo iliyoko bondeni, kwenye kijito. Wafadhili walituachia mashine na nguzo, wakaenda zao. Kutandaza nyaya ilikuwa kazi yetu, kwa salongo, ile kazi ya pamoja ambayo asiyefika hutajwa kwa jina mbele ya wote. Nasi tuko milima mitatu: mlima wa Juu wanakokaa wafugaji, mlima wa Kanisa kilipo kituo cha afya, na mlima wa Soko. Hatupigani, namshukuru Mungu, lakini tunapimana. Ng'ombe akichinjwa kwa ajili ya wote, kila mlima humtuma mtu wake kusimama na kuangalia kisu.

Basi nyaya zilikuwa nne, na tulizigawana kama nyama. Tatu ndizo zinazoleta umeme, kila mlima ukachukua mmoja ukauita wake. Wanaume wa Juu walibeba wao mabegani tangu pale lori lilipokwama, wakiimba. Wa Kanisa na wa Soko hawakutaka kushindwa, wakanunua nyaya nene kama ule wa Juu. Wa nne ni ule unaorudisha umeme kwenye turbini, na huo haukuwa na mlima. Nani atoe jasho kwa waya usio wa mtu? Tulichukua kipande chembamba kilichobaki, kikaungwa na kingine chembamba, tukapandisha, tukaenda kunywa.

Daphrose aliuona, na hakupinga. Alisema mizigo ikigawanywa sawasawa kwa milima mitatu, umeme unaorudi unafutana wenyewe kwa wenyewe, na waya wa nne haubebi kitu cha maana. Hivyo ndivyo alivyofundishwa, na alikuwa amefundishwa vizuri. Ila waliomfundisha hawakumjua Kabera.

Kabera ni mkulima wa mlima wa Soko, Msabato wa kweli, mtu asiyegusa hata jembe siku ya Jumamosi. Aliona wachimbaji wa migodi ya Rubaya wanavyohangaika na taa zao za kichwa, akaanza kuzichaji. Mwanzoni zilikuwa taa chache juu ya meza. Baadaye wabebaji wakawa wanapanda na magunia ya taa na betri migongoni, wanaacha zilizokufa, wanabeba zilizo hai, wanashuka tena kwa miguu. Milima mingine ikaona wivu. Daphrose naye akataka mzigo ugawanywe. Kwa hiyo Kabera akafungua vibanda vitatu, kimoja kila mlima, chaja sawa kwa sawa, na kila mtu akaridhika.

Wakati huo huo ndipo nami nilipopata tangi langu la kupoozea maziwa.

Ninalipenda tangi lile kuliko baadhi ya ndugu zangu. Kabla yake, maziwa ya jioni yalikuwa yakichacha kabla sijayafikia, na wanawake wa mlima wa Juu walikuwa wakirudi nyumbani na madumu yao wakinung'unika. Tangi lilipofika, nilikusanya maziwa ya mlima mzima, na nyumba yangu ya jibini ikaitwa leteri. Halafu mota yake ikaanza kuunguruma sauti mbaya, na kushika joto hata usiweze kuiwekea kiganja. Siku zile zile waya wa nne nao ukaanza kupata moto, hasa pale kwenye fundo lililounganisha vipande viwili, juu ya nguzo iliyo karibu na kituo cha afya.

Daphrose alikuja na pinsi yake ya kupimia, ile inayokumbatia waya bila kuukata. Akapima nyaya tatu: zilikuwa sawa. Akapima wa nne, ambao haukupaswa kuwa na kitu, akakuta una umeme kuliko waya wowote wa zile tatu. Alidhani pinsi imeharibika. Akaipiga piga kwenye paja, akapima tena, ikasema yale yale. Kisha akapanda kwangu, akasikia mota inavyolia, akaigusa, akanigeukia.

"Papa Karekezi, ni hii. Hii mota yako njo inaharibu laini. Tunaifunga."

"Unafunga nini? Maziwa ya batu iko ndani!"

"Waya ikiungua, hata ule anasema maziwa iko ndani hatakuwa na taa."

Akakata. Mbele ya wanawake wa maziwa, mbele ya wafanyakazi wangu, alikata na kuondoka na fyuzi mfukoni. Maziwa yale niliyamwaga kwa ndama. Nilikwenda kwa kamati ya umeme, nikapiga kelele mpaka sauti ikanikauka, na kamati ikaamua mambo mawili: tangi langu libaki limefungwa mpaka waya upoe, na Daphrose asimkatie tena mtu yeyote umeme bila mkutano wa milima yote mitatu. La pili lilinifurahisha, sioni haya kusema. Na waya wa nne haukupoa. Ulizidi. Kila nilipopita chini ya nguzo ile niliinua macho na kucheka kwa sauti ili anisikie. Kanisani nilimpa kisogo hata wakati wa kupeana amani.

Ndipo Umwali akaugua.

Umwali ni binti wa binti yangu Drocella, mjukuu wangu wa kwanza, bado mtoto wa kunyonya. Kikohozi kilianza kidogo, kikashuka kifuani, na mbavu zake zikawa zinazama ndani kila anapovuta pumzi. Muuguzi wetu, Libérata, alisema ni nimonia, akamchoma sindano, akamwekea mpira puani kutoka kwenye mashine ya oksijeni. Ni kisanduku kinachovuta hewa ya kawaida na kutoa oksijeni peke yake, na kinakula umeme mchana kutwa. Jenereta ya kituo ilikuwa kavu, barabara ya Sake ilikuwa imefungwa tena na hakuna mafuta yaliyopanda. Kumpeleka mtoto hospitali kubwa ilikuwa ni kumtembeza katikati ya watu wenye bunduki. Siku ile asubuhi Libérata alijaribu kuutoa ule mpira kidogo, aone. Midomo ya mtoto ikageuka rangi ya majivu mbele ya macho yetu. Akaurudisha upesi.

"Bado hawezi," alisema. "Ile mashini njo inamushika."

Nilitoka nje kwa sababu sikuweza kutazama tena. Jua lilikuwa la saa sita. Nilikuta Daphrose amesimama chini ya nguzo, vyuma vya kupandia vimefungwa miguuni, shingo ameikunja nyuma, na uso wake haukuwa na rangi.

"Papa Karekezi, kuya hapa. Najua hautaki kunisikia. Kuya tu."

Sijui kwa nini nilikwenda. Nadhani ni uso wake.

"Angalia kule yulu. Waya ya ine, pale kwa fundo."

Fundo lilikuwa linatoa moshi. Moshi mwembamba, wa bluu, usiokatika.

"Kata umeme!" nilisema. "Unangoja nini?"

"Nikikata, mashini ya mutoto inazima. Kuwasha turbini tena ni kushuka mpaka kwa maji, kufungua pole pole. Niliuliza Libérata kama mutoto anaweza kungoja. Alisema hapana."

"Basi acha."

"Nikiacha, inajikata yenyewe." Alinitazama usoni. "Na ikijikata, papa, kuran haina njia ya kurudi. Ya mlima huu itapita mu vyombo vya mlima ule, na nguvu karibu mara mbili. Mashini itaungua pale pale. Haitawaka tena, hata nikitengeneza laini."

Sijawahi kuogopa hivyo, hata nilipokimbia na ng'ombe wakati risasi zinapita. Nilitaka kumshika huyu mwanamke nimtikise, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu.

"Ni mota yangu tena?" nilimuuliza kwa ubaya. "Imefungwa, na bado inawaka. Ni mota gani sasa?"

"Haikuwa mota yako. Mota yako ilikuwa inaumwa sawa na hii waya. Nilifunga mugonjwa, nikaacha ugonjwa."

Akanieleza haraka haraka, huku macho yake yakirudi kwenye moshi. Alikuwa amepanda nguzo ile kila mchana kushika waya, akitafuta. Jumamosi aliukuta baridi. Jumamosi iliyofuata, baridi tena, ingawa siku hiyo ndiyo kinu cha kusaga cha Wakatoliki kinafanya kazi kuliko siku zote. Nani hapumziki Jumapili mpaka Ijumaa, lakini Jumamosi hagusi kitu? Akamtumia mwalimu wake wa zamani wa Goma, Akilimali, ujumbe wa sauti. Jibu lilikuwa limefika asubuhi ile, mtandao uliporudi. Chaja za bei rahisi hazinywi umeme taratibu. Zinasubiri wimbi la umeme lifike kileleni, zinabugia, zinaacha, zinabugia tena. Kubugia huko kunauharibu umeme wote wa laini, unakuwa na makunyanzi. Makunyanzi hayo mafundi wanayaita harmoniki.

"Wanawake batatu wakitwanga sombe mu kinu moja," alisema, "huyu anainua, huyu anashusha, kwa zamu. Kinu inatulia. Njo vile nyaya tatu inafanyaka, inafutana. Lakini ile kubugia ya chaja haina zamu. Mitwangio yote inashuka pamoja. Na kinu ni hii waya nyembamba."

Kwa hiyo kule kugawa sawasawa, tulikojivunia, hakukusaidia chochote. Chaja za vibanda vitatu zilikuwa zinatupa uchafu wao wote kwenye waya ule ule ambao sisi tuliunyima unene kwa sababu haukuwa wa mtu.

Dawa zake zipo, na baadaye tulizipata zote. Mwalimu Akilimali alitufundisha kufunga bobine, yaani nyaya za shaba zilizoviringwa kwenye chuma, mbele ya kila safu ya chaja, ili zinywe kwa utulivu. Tulipandisha waya wa nne mwingine, mnene kuliko wote. Mota yangu iliacha kulia, siku hizi naiwekea kiganja na naweza kusinzia hapo. Lakini mchana ule hatukuwa na bobine wala waya. Tulikuwa na moshi.

"Nataka kupandisha kipande cha kebo," alisema Daphrose, "nikishike huku na huku ya fundo, kuran ipite kando bila kukata. Lakini na huu moto siwezi kugusa, fundo itanivunjikia mu mikono. Chaja zizimwe kwanza. Safu kwa safu, si pamoja, mzigo usishuke ghafla turbini ikakimbia. Na mimi kamati ilinikataza kukatia muntu. Nimetoka kwa Kabera, alinifukuza."

"Alisema nini?"

"Alisema mbele ilikuwa Karekezi, leo ni yeye, kesho ni nani. Eko na haki." Akakaza vyuma vya miguuni. "Wewe atakusikia. Wewe njo nilikukosea."

Nilikimbia. Mzee mwenye tumbo la jibini, nilishuka ule mteremko na viatu vya mpira vikinipiga kwenye mashavu ya miguu, nikapanda upande wa Soko nikitweta. Kibandani kwa Kabera palikuwa pamejaa wachimbaji na wabebaji, magunia yamefunguliwa, na ukutani taa zilikuwa safu juu ya safu, kila moja na jicho lake jekundu. Kabera alikuwa katikati, anatoa na kupokea.

"Papa Kabera," nilisema, "zima chaja. Zote. Pole pole, safu kwa safu, lakini sasa hivi."

"Amekutuma."

"Amenituma."

Aliweka chini taa aliyoshika. Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha. "Kaka, wewe leteri yako ilifungwa. Waya ilipoa?"

"Haikupoa."

"Maziwa ulimwaga?"

"Nilimwaga."

"Na ulisema nini kwa kamati? Mimi nilikuwa pale. Ulisema ule mama anatafuta tu wa kumupandia kichwa. Sasa hawa batu," akaonyesha wachimbaji, "wanashuka mu shimo leo. Wanashuka na taa nusu? Taa ikizimika kule chini, muntu akipotea, ni kwangu banakuja kulia. Ju ya nini nizime?"

Nilikuwa na maneno mengi njiani. Yote yalinitoka. "Ju Jumamosi inapoa," nilisema. "Siku unasali, inapoa. Ameshika na mukono yake. Na Umwali eko kwa mashini, Kabera. Ya oksijeni. Waya ikikatika, mashini inaungua, na yeye…" Sikumaliza. Nililia mbele ya wachimbaji wa Rubaya, mimi Karekezi, na sikujifuta.

Kabera alisogeza magunia, akanikaribia.

"Unamwamini ule mama?"

"Simpendi," nilisema.

"Sikuuliza kama unamupenda."

Kupitia mlango, kule ng'ambo, niliuona moshi, mzito zaidi sasa, na Daphrose tayari yuko nusu ya nguzo. Nilifikiri maziwa yangu. Nilifikiri jinsi alivyokosea mara ya kwanza kwa uhakika ule ule, na kwamba huenda anakosea tena, na kwamba nikisema ndiyo na ikawa uongo, mimi ndiye nitakayekuwa nimesema.

"Namwamini," nilisema.

Kabera aligeuka ukutani, akachomoa safu ya kwanza. Kisha ya pili. Mchimbaji mmoja alianza kulalamika, mwenzake akamwambia nyamaza, mutoto iko anakufa, akaenda yeye mwenyewe kuchomoa ya tatu. Macho mekundu yakawa yanafumba ukutani. Kabera alipiga simu kibanda cha mlima wa Juu, mtandao ukakatika, akapiga tena, akapatikana. "Zimeni! Safu safu! Musiulize!" Akapiga kibanda cha Kanisa. Iliita, iliita, hakuna aliyeshika. Akapiga tena. Hakuna.

Alinitazama. Palikuwa na pikipiki ya mchimbaji mlangoni. Hatukumwomba mtu, tuliipanda, Kabera mbele na mimi nyuma nimemshika kiunoni kama bibi harusi, tukashuka ule mteremko bila breki za maana.

Kutoka njiani nilimwona Daphrose. Alikuwa amefika juu, amejifunga mkanda kwenye nguzo, kebo imening'inia begani. Alikuwa akiangalia kwenye vibanda, akingoja. Moshi ulikuwa umepungua lakini haukuwa umeisha, kwa sababu kibanda cha Kanisa kilikuwa bado kinabugia, na katikati ya moshi fundo lilikuwa na wekundu ambao ulionekana mchana kweupe. Nilimwona akitikisa kichwa. Akaacha kungoja.

"Bado!" nilipiga kelele. "Mama Daphrose, bado moja!"

Sidhani alinisikia, na kama alisikia hakujali. Alifunga ncha ya kwanza ya kebo upande wa huku. Akainama juu ya fundo lile lililokuwa linawaka, akapitisha ncha ya pili upande wa kule, na akaanza kukaza. Cheche zikamrukia kifuani. Niliona bega lake linaruka kwa maumivu, na mikono haikutoka. Alikaza. Kabera alituangusha sisi na pikipiki mbele ya kibanda cha Kanisa, akaingia ndani akitambaa, nami nikabaki kwenye vumbi nikiangalia juu.

Fundo likakatika.

Nililisikia, mlio mdogo tu, na vipande viwili vya waya wa zamani vikaachana na kuning'inia, kimoja huku, kimoja kule. Nikafumba macho. Nilingoja kusikia milipuko kutoka kituoni, redio za watu zikipasuka, Drocella akipiga yowe.

Hakuna kilicholia. Nilipofumbua, kebo ilikuwa imeshika. Umeme ulikuwa unapita kando ya mahali palipokatika, kana kwamba hapajawahi kuwa na fundo. Daphrose alikuwa bado ameinama juu yake, paji la uso limegusa nguzo.

Sikumsubiri ashuke. Niliingia kituoni mbio, nikapita wagonjwa, nikasukuma mlango. Mashine ilikuwa inafanya kazi, ile sauti yake ya kuvuta na kuachia. Drocella alikuwa amekaa kitandani na Umwali mapajani. Alishangaa kuniona na vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Papa, kuna nini?"

"Hakuna kitu," nilisema, nikakaa chini sakafuni.

Jioni jua likielekea kushuka, Libérata aliutoa mpira tena kidogo. Midomo ya mtoto ilibaki na rangi yake. Muuguzi alihesabu kimya kimya, akaurudisha, akasema tutajaribu tena kesho, na kwa mara ya kwanza alitabasamu.

Daphrose alikuwa nje, kwenye benchi la barazani. Glavu zake zilikuwa zimeyeyukia kwenye ngozi na Libérata alikuwa amezitoa kwa mkasi, kipande kwa kipande. Mikono yote miwili ilikuwa imefungwa bendeji nene mpaka kwenye viwiko. Hakutaka kuingia. Nilisimama mbele yake. Matusi yote niliyomwandalia tangu siku ya tangi nilikuwa nayo bado, mengine mazuri sana, na sikuona hata moja la kutumia.

"Nilikufungia leteri bure," alisema bila kuinua macho.

"Ingia ndani," nilisema.

"Papa Karekezi, nilikosea, na wewe ulimwaga…"

"Mama Daphrose. Ingia ndani, uone mutoto."

Nilimshika kwenye kiwiko, juu ya bendeji, kwa kuwa alikuwa anayumba. Alisimama mlangoni akasikiliza kwanza mashine, kama fundi. Kisha akamtazama mtoto. Drocella aliinuka na kumnyooshea Umwali, kama wanawake wanavyofanya, bila kufikiri. Daphrose akainua ile mikono yake miwili iliyoviringwa, akaitazama, akaona haitashika kitu.

"Siwezi kumubeba," alisema, na ndipo akalia kwa sauti.

Drocella alimketisha kitandani, akamwegemeza ukutani, akamlaza mtoto kifuani pake, mpira wa oksijeni puani na yote. Umwali alikunja ngumi juu ya blauzi yake iliyotobolewa na cheche, akavuta pumzi, akaitoa. Daphrose hakuthubutu hata kufuta machozi. Alikaa vile vile, mikono imeinuliwa hewani, mpaka mtoto akalala.